Homa Isiyo Malaria: Kupe, Papasi na Dhima ya Mwenye Kutibu

 

Visiwani kwetu malaria imepungua sana. Kwa zaidi ya miaka kumi kiwango cha maambukizi kimekuwa chini ya asilimia 1, na hiyo ni neema ya kushukuriwa. Lakini mazoea yetu hayajaifuata neema hiyo. Mtoto akipata homa, au kijana akirudi kutoka bara anatetemeka, neno la mwanzo majumbani bado ni malaria. Kipimo kikionesha hanayo, wapo wanaosema kipimo kibovu, na dawa inanunuliwa dukani vilevile. Wengine hufurahi na kumlaza mgonjwa ndani kwa kuwa "hana kitu". Wote wawili wanakosea, na utafiti uliofanywa Moshi unatuonesha ukubwa wa kosa lenyewe.

Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, zaidi ya nusu yao watoto. Wagonjwa 528 waliandikiwa malaria. Damu ilipochunguzwa kwa kina, ambao homa yao kweli ilitokana na malaria walikuwa 14. Tusome tena: 528 kwa 14. Wagonjwa 118, ambao ni kama robo ya waliopimwa kwa ajili hiyo, walikuwa na maradhi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, na kati yao 36 walikuwa na homa za kundi la riketsia ambazo sehemu kubwa huletwa na kupe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na lililonishtua zaidi si idadi. Ni kwamba hapana hata mgonjwa mmoja ambaye maradhi hayo yalishukiwa siku aliyolazwa.

Moshi si Mkoani wala Donge. Kule ni nchi ya mlima na mifugo mingi, na hesabu zake haziwezi kupakiwa botini zikashushwa Malindi. Ninachokichukua ni jambo moja: homa isiyo malaria ina sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo ina dawa.

Tuanze na kupe. Riketsia ya Afrika ilitambuliwa Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtu huumwa na kupe wa ng'ombe au wa wanyama pori, na baada ya siku kadhaa huja homa, kichwa, maumivu ya maungo na mitoki, na pale alipoumwa hubaki kidonda kidogo chenye gaga jeusi. Maandishi ya tiba yamejaa wagonjwa wa Kizungu waliorudi kutoka mbugani. Si kwamba kupe anawachagua. Mtalii akifika kwao anapimwa mpaka sababu ijulikane, na mchunga ng'ombe anaandikiwa malaria.

Nasi wanyama wengi tunaowachinja hapa huja kutoka bara, na mnyama huweza kushuka na kupe wake. Anayemshika mnyama wa kuchinja ajikague mwili. Akimkuta kupe, amvute taratibu kwa kibano karibu na ngozi, asimchome moto wala kumminya kwa vidole. (Suala la kupe si geni kwa mafaqihi. Imamu Maalik amepokea katika Muwatwa kwamba 'Umar bin Al-Khattwaab, Allaah Amridhie, alionekana akimtoa kupe ngamia wake hali yuko katika ihraam, na Maalik mwenyewe akalichukia jambo hilo kwa aliyehirimia.)

Papasi ni jamaa wa kupe, lakini tabia yake nyengine. Kupe hung'ang'ania mwilini siku kadhaa, hata ukamuona. Papasi mchana hujificha ndani ya nyufa za sakafu ya udongo na za kuta. Usiku hutoka, hufyonza damu kwa muda mfupi, akarudi alikotoka. Aliyeumwa huamka asubuhi hana khabari. Nyumba za udongo za Dodoma na mikoa ya kati zinajulikana kwa papasi tangu zamani, na leo Dodoma ni mji wa serikali na wa vyuo. Vijana wetu wako huko, na wengine huteremka vijijini kwa kazi.

Bakteria anayeletwa na papasi ni borelia, na homa yake ina hadaa. Hupanda siku chache, kisha huondoka yenyewe, mgonjwa akainuka. Baada ya kiasi cha wiki hurudi. Angalia inavyotuchezea: mtu amemeza dawa ya malaria siku ya tatu, homa imeondoka siku ya nne, na dawa inasifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya. Homa ikirudi inaitwa malaria sugu, anapewa dozi ya pili. Ikirudi tena, wanaanza kutajwa majirani na husuda.

Fundi wa maabara anayetazama damu kwa darubini akitafuta malaria anaweza kuwaona borelia palepale, mfano wa nyuzi zilizojisokota. Kipimo cha haraka cha siku hizi, cha tone la kidole na mistari, kinajibu suala moja tu: malaria ipo au haipo. Ni kipimo kizuri. Hakijibu kisichoulizwa.

Homa hii si ngeni kwa watu wa pwani. Misafara ya bara ililala katika vibanda vyenye papasi, na Robert Koch aliwakuta katika njia hizo mwaka 1905. Mwaka huohuo tabibu Dutton wa Liverpool, ambaye bakteria huyu amepewa jina lake, alifia Kasongo, Kongo, kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza.

Mwenye khatari kubwa ni mama mjamzito. Katika vijiji vya Tanzania imeonekana mimba kuharibika, watoto kuzaliwa kabla ya wakati, na wengine kufa. Na dawa zipo, tena za bei nafuu, kama penisilini na tetrasaiklini. Lakini tetrasaiklini haifai kwa mjamzito. Isitoshe, saa chache baada ya dozi ya mwanzo baadhi ya wagonjwa hutetemeka na hali huwa mbaya ghafla, bakteria wanapokufa kwa wingi. Dozi hiyo ni ya hospitali, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi.

Hapa ndipo linapoingia suala la dhima. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daawuud, An-Nasaaiy na Ibn Maajah, anayewatibu watu bila ya kujulikana kuwa na ilimu ya tiba ni mdhamini wa madhara yanayotokea. Muuza duka anayekisia homa ya mtoto wa mtu ajitazame, na jirani anayegawa vidonge vilivyobaki ajitazame pia. Dhima haiondoki kwa kusema "nilitaka kusaidia".

Ruqya ni Sunnah, nasi hatumzuii mtu kumsomea mgonjwa wake. Msomeeni njiani mkielekea hospitali. Mkifika, msiseme "ana homa" mkanyamaza. Mwambieni daktari mgonjwa alikuwa wapi mwezi uliopita, alilala nyumba ya namna gani, aligusa wanyama gani, homa ilikatika siku ya ngapi na ikarudi lini. Mwenye gaga jeusi mwilini alioneshe, hata likiwa pahala pa sitara, kwani dharura ya tiba inaruhusu kwa kiasi cha haja. Na kipimo cha malaria kikisema hapana, ulizeni: sasa tutazame nini?

Wallaahu A'lam.