Kosa la Gladiator Si Papa wala Mavazi

Anayetetea filamu za Roma ya kale kwa hoja kwamba mtazamaji hulipia burudani, si somo la historia, anajibu swali jepesi. Kasoro za kofia za chuma tuziache. Hata wale papa wa Gladiator II (2024) tuwasamehe, maana Warumi waliwahi kweli kujaza maji viwanjani ili kuigiza vita vya baharini. Tatizo ni filamu kubadili chanzo cha mambo. Gladiator (2000) inamwonyesha Kaizari Marcus Aurelius akitaka kurudisha jamhuri, kisha anauawa na mwanawe Commodus. Kumbe Marcus mwenyewe ndiye aliyempandisha kijana huyo kuwa kaizari mwenza mwaka 177, miaka 3 kabla hajafa. Commodus akatawala peke yake miaka 12, hadi mkesha wa mwaka 193: alitapika sumu aliyopewa, ikabidi aitwe mwanamieleka Narcissus amkabe koo.

Wataniambia saa mbili na nusu hazitoshi kubeba miaka 12. Basi na wafupishe, ila kufupisha muda si kugeuza maana. Kwenye filamu, dhalimu anakufa na Seneti inarudishiwa mamlaka. Kihistoria, haikupita miezi mitatu walinzi wa kaizari wakamuua mrithi wa Commodus, Pertinax, wakakinadi kiti cha enzi, na Didius Julianus akakinunua kwa kumwahidi kila askari sesterti 25,000. Mnada huo unasisimua kuliko papa yeyote. Aliyeuacha nje hakuiokoa burudani, aliitupa.