Tuonyeshane Mikono

Wewe unayekamua ng'ombe Nyakach, Kombewa au Rarieda, kesho alfajiri kabla hujashika ndoo, vitazame vidole vyako kwenye mwanga wa taa. Wewe unayechuna mbuzi nyuma ya bucha pale Kibuye, tazama viganja. Na wewe dereva wa lori uliyelala Kisumu ukielekea Busia, mama unayengoja mashua ya samaki Dunga, kijana unayevuta nyavu za omena Usenge, jitazameni ngozi. Kwa leo naanza na hilo tu. Kubwa zaidi nitaliomba nikishaeleza.

Mwaka juzi shangazi yangu wa Nyakach alitokewa na kitu kidoleni. Kilianza kama chunusi nyekundu, kikavimba, kikawa kinundu kigumu chenye rangi ya zambarau. Hakikumuuma sana. Wakati huohuo ng'ombe wake wa maziwa alikuwa na vigaga kwenye chuchu, ila hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Duka moja la dawa lilimuuzia vidonge vya kuua bakteria. Jirani akanong'ona kwamba amerogwa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mwanawe akamwomba asimwambie mtu, wateja wasije wakayakataa maziwa. Basi akaukamua ukimya wake wiki sita nzima, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa, mpaka kikapona chenyewe.

Daktari wa mifugo aliyekuja baadaye kwa shughuli nyingine kabisa aliitazama chuchu moja ya yule ng'ombe, akatazama kovu kidoleni, akatabasamu. Alieleza kwamba kuna virusi wa ukoo wa ndui wanaokaa kwenye chuchu za ng'ombe na kuhamia mkononi mwa mkamuaji, hasa mkono wenye mchubuko. Kwa kawaida kinundu hupona bila dawa. Vidonge vile havikuwa na kazi, kwa sababu dawa ya bakteria haiui virusi. Na mchawi, bila shaka, hakuwepo.

Nimekisimulia kidole hicho kwa sababu historia nzima ya chanjo ilianzia kwenye mkono kama huo. Ndui ya ng'ombe yenyewe, ile ya vitabuni, si ya kwetu. Makazi yake ni Ulaya na sehemu za Asia, na licha ya jina lake huishi hasa kwa panya wa porini. Siku hizi humfikia binadamu mara nyingi kupitia paka. Lakini kule Uingereza, karne ya 18, wakamuaji waliipata mikononi, na vijijini ilijulikana kwamba aliyeipata hashikwi na ndui, ule ugonjwa uliokuwa ukiua watu na kuwaachia waliopona mashimo usoni. Mkulima mmoja, Benjamin Jesty, aliliamini jambo hilo kiasi cha kumchanja mkewe na wanawe wawili kwa usaha wa ng'ombe mwaka 1774. Daktari Edward Jenner alikuja miaka 22 baadaye, Mei 1796, akachukua usaha kwenye mkono wa mkamuaji Sarah Nelmes na kumchanja mvulana James Phipps. Sifa alipewa Jenner, na kwa haki, maana ndiye aliyelichunguza jambo na kuliandika. Ila aliyeuonyesha mkono alikuwa mkamuaji. Angeuficha, Jenner asingekuwa na la kuandika.

Sisi wa huku ziwani tuna ndugu wengine wa ukoo huo. Kuna wa mbuzi na kondoo, anayeleta vidonda na magamba kwenye midomo ya wanambuzi. Ukimnywesha dawa mwanambuzi huyo kwa mikono mitupu, wiki moja hivi baadaye unaweza kuota donda kidoleni. Kuna wa ng'ombe, anayemjaza mnyama manundu mwili mzima mpaka maziwa yanakauka na ngozi haiuziki. Huyo alitambuliwa mara ya kwanza Zambia mwaka 1929, na Kenya alifika mwaka 1957, akibebwa na nzi wanaouma, mbu na kupe. Niseme wazi, kwa kuwa uvumi wake nimeusikia sokoni: ugonjwa huo wa manundu hauambukizi binadamu. Unachokiambukiza ni umaskini. Chanjo yake ipo, na taasisi yetu ya serikali, KEVEVAPI, huitengeneza hapahapa nchini.

Yuko pia mmoja aliyebatizwa kwa jina la mto wetu. Mwaka 1957, na tena 1962, watu wa bonde la Mto Tana walishikwa na homa ya siku chache, kisha wakatokwa na kinundu kimoja au viwili. Virusi vilivyopatikana havikuwa vimejulikana na sayansi, na mpaka leo vinaitwa kwa jina la Tana duniani kote. Wataalamu wanashuku mbu ndio waliovieneza, kwa kuwa palikuwa na mafuriko. Tunaoishi Ahero na Budalang'i, ambako mito huingia nyumbani bila kubisha hodi, tuna sababu ya kuikumbuka habari hiyo.

Sasa nije kwa huyu anayetusumbua zaidi, mpox. Hapo awali alipewa jina la nyani kwa sababu alionekana kwanza kwa nyani wa maabara huko Copenhagen mwaka 1958, lakini nyani ni mhasiriwa kama sisi. Wanaoshukiwa kumhifadhi ni wanyama wadogo wa msituni kama kuchakuro na panya buku. Mwaka 2003 Wamarekani walimpata baada ya panya walioletwa kutoka Ghana kuwekwa dukani pamoja na vipanya vya kufugwa vya huko. Binadamu wa kwanza kujulikana kuugua alikuwa mtoto mchanga wa Kongo, mwaka 1970. Kisha, mwaka 2023, katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Kamituga, Kivu Kusini, likajitokeza tawi jipya linalopita kwa urahisi kati ya mtu na mtu, hasa kwenye tendo la ndoa. Likafuata barabara. Mwishoni mwa Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, aliyepatikana mpakani Taveta akisafiri kutoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura.

Taveta ni mbali na hapa, utasema. Lakini mtu hatoki Uganda akafika Taveta kwa barabara za Kenya bila kuvuka magharibi ya nchi. Barabara ya Busia inapita Kisumu. Ziwa nalo halina lango: mvuvi hufuata samaki, leo yuko Sio Port, wiki ijayo Remba, mwezi ujao Muhuru Bay, analala chumba ambacho jana kililaliwa na mwingine, kwenye godoro lilelile na blanketi lilelile. Tena kwenye bichi zetu kuna jaboya, ile biashara ya mwanamke kuutoa mwili ili auziwe samaki. Tunaijua sote, tunaitaja kwenye mizaha, na hatuitaji kwenye mikutano. Kaunti zetu za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori ndizo zenye kiwango kikubwa zaidi cha virusi vya Ukimwi nchini, na mwenye virusi hivyo ambaye hatumii dawa ndiye mpox humwumiza vibaya zaidi, hata kumwua. Mahali pengine ugonjwa huu unaweza kuonekana kama upele wa kupita. Kwetu sisi umekuta nyumba yenye paa bovu.

Na wengi wetu hatuna kinga. Chanjo ya ndui, ambayo humkinga mtu na mpox kwa kiasi, ilisimamishwa ndui ilipotangazwa kutoweka mwaka 1980. Lile kovu la mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ambalo vijana wetu huliona na kujisifu kwamba wamechanjwa, ni la kifua kikuu. La ndui wanalo wazee.

Naomba mnivumilie kwa hadithi ya mtu mmoja. Mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Alifanya kazi hospitalini lakini chanjo aliikwepa, kwa kuwa aliogopa kuumia. Oktoba 1977 alipanda gari dakika chache kuwaonyesha njia watu waliokuwa wamebeba watoto wawili wenye ndui. Siku kadhaa baadaye akashikwa na homa. Ikasemwa ni malaria. Akatoka upele, ikasemwa ni tetekuwanga. Akarudishwa nyumbani, na wageni wakaja kumjulia hali kama ilivyo desturi. Yeye mwenyewe hakujitokeza. Habari zake zilitolewa na mfanyakazi mwenzake. Watu 161 waliokuwa wamemkaribia walitafutwa mmoja mmoja, na hakuna aliyeugua. Maalin alipona. Miaka mingi baadaye alizunguka nchini mwake akiwashawishi wazazi wawachanje watoto dhidi ya polio, akiwaambia wasirudie kosa lake. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo, kwa malaria.

Malaria, kisha tetekuwanga, kisha nyumbani. Huo ndio mlolongo wetu hasa. Ziwani kila homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na kila upele ni tetekuwanga au mkono wa mtu. Mpox huanza kwa homa, kichwa, mgongo kuuma, tezi kuvimba shingoni au kinenani, kisha vipele vinavyojaa maji na usaha, usoni, viganjani, nyayoni, mara nyingi sehemu za siri. Zile tezi ndizo zinazomtofautisha sana na tetekuwanga. Dalili huja ndani ya siku 21 baada ya kuambukizwa.

Sasa ombi lenyewe. Nawaomba tuache kufichana vidonda, na tuache kuwacheka wanaovionyesha. Haya ni mambo mawili, na la pili ndilo gumu. Dada wa bichini hatakwenda zahanati ikiwa kwenye foleni atasikia "huyo ni wa jaboya." Dereva hatasema amelala wapi ikiwa tumeshaamua kwamba ugonjwa ni wa madereva. Shangazi yangu hakuficha kidole kwa ujinga. Alificha kwa sababu alitujua sisi.

Kwa hiyo vyama vya maziwa, kaeni mkubaliane kabla ng'ombe hajaugua: mwanachama akiripoti vidonda vya chuchu hafukuzwi. Ng'ombe wake akamuliwe wa mwisho, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, mchubuko ufungwe, maziwa yachemshwe. Anayekuja na habari apewe kiti cha mbele. Wafugaji, mnyama mwenye manundu asiende Ahero wala Akala siku ya soko. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa, lakini sisemi haya kwa kuwatisha na sheria. Aliyenunua ng'ombe wako mgonjwa ni mkwe wa mtu unayemjua. Ukinunua mnyama mgeni, mtenge mwezi mmoja kabla hajachanganyika na wako. Wenye mizoga ya wanyama waliokufa wenyewe, fukieni. Najua njaa inasema mengine.

BMU zote, yaani vikundi vya usimamizi wa bichi, kuanzia Dunga hadi Port Victoria, mna daftari la mashua na daftari la samaki. Ongezeni ukurasa wa afya. Mvuvi anayefika na homa na vipele atafutiwe chumba chake na chakula, asirudishwe majini kwa hofu, maana atatia nanga bichi inayofuata akiwa na ugonjwa uleule. Wenye vyumba vya kulala wageni, fueni mashuka na kuyaanika juani kila mgeni akiondoka. Hilo hata bila mpox lilikuwa deni lenu. Wahudumu wa dukani mnaouza dawa, mtu akija na kinundu, mwambieni aende zahanati kabla hamjapima bei ya vidonge. Wachungaji na maimamu, mkitaja ugonjwa huu mimbarini msiutaje kama adhabu.

Na ukiugua wewe, funika vidonda, lala peke yako, usishirikiane taulo wala kikombe, usikatize dawa zako za Ukimwi kama unazo, ngoja magamba yaanguke na ngozi mpya itoke. Ukipona, tumia kondomu wiki 12. Wengi hupona ndani ya wiki mbili hadi nne.

Viongozi wa kaunti nao wana lao. Ofisi ya mifugo na ofisi ya afya ziko kwenye majengo tofauti, na mara nyingi kilichoonekana na moja hakifiki kwa nyingine. Nchi ilianzisha kitengo cha pamoja cha magonjwa ya wanyama yanayoambukiza watu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kishuke hadi wadini, pale ambapo chuchu ya ng'ombe na kidole cha shangazi viko umbali wa shubiri moja.

Kesho alfajiri basi, mikono kwenye taa. Ukiona kitu kwa mnyama, mwite afisa wa mifugo wa wadi yako. Ukikiona kwako au kwa jirani, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji, au piga simu Wizara ya Afya. Namba ni 719, na haikati pesa.