Kitu bila rekodi ni chuma chakavu

Wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo. Mwaka 1884 kampuni ya Weeden ya Marekani ilitoa injini ndogo ya mvuke ya kuchezea: taa ya spiriti inachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, gurudumu linazunguka. Hadi leo wakusanyaji wanazitambua kwa namba zake, maana kuna waliotunza katalogi.

Na sisi hapa Ndera? Watoto wanaunda magari ya waya yenye usukani unaokata kona kweli. Mto Tana ukifurika, kama 1997 na 2023, yanaenda na maji. Hakuna picha wala tarehe. Kitu kikipotea, rekodi ndiyo nakala ya akiba. Simu unayo: piga picha, andika aliyeunda, lini, na vipi. Mnasemaje?