Dolly Parton Alimkatalia Elvis, Wewe Unasaini Bila Kusoma

Wasee, najua country mnaiona muziki wa wazazi, ile ya redio Jumapili mchana nguo zikipigwa pasi. Sawa. Lakini kama unaandika ngoma zako mwenyewe, hata kama ni gengetone, mtu wa kusoma maisha yake kwanza ni Dolly Parton.

Mwaka 1973 aliandika "I Will Always Love You", akimuaga Porter Wagoner, mwenye kipindi cha televisheni kilichomjulisha kwa watu. Ikatoka 1974, ikafika namba moja kwa chati za country. Elvis Presley akaitaka. Elvis mwenyewe! Halafu meneja wake, Colonel Tom Parker, akaleta sharti: nusu ya haki za utunzi ije upande wao, la sivyo Elvis haimbi.

Dolly akakataa. Amesimulia kwamba alilia usiku mzima.

Kuna mtu atasema ni bahati tu. Bahati gani? Alijua kile anachoshikilia. Ngoma moja ina mali mbili: rekodi, yaani ile sauti ya studio, na utunzi, yaani maneno na melodi. Mwenye utunzi analipwa hata kama anayeimba ni mwingine. Whitney Houston akairekodi 1992 kwa filamu ya The Bodyguard, ikakaa namba moja Marekani wiki 14, na Dolly hakuwa na nusu ya kumgawia mtu. Na hii ndio hunibamba zaidi: alisema pesa za Whitney alizitumia kununua jumba la ofisi kwa mtaa wa watu weusi huko Nashville.

Ni kweli, kukataa ni rahisi kidogo ukiwa tayari na namba moja. Wewe uko na deni la bedsitter, na prodyuza anakwambia biti ni bure, "tutagawana tu." Mtagawana nini? Rekodi ama utunzi? Asilimia ngapi? Wengi wetu hatuulizi, tunaogopa kuonekana tuna kiburi.

Uliza kabla hujaingia studio, na iandikwe kwa karatasi, nani ana ngapi. Akisema mtaongea baadaye, beba ngoma yako uende. Usiku huo utalia, hilo sikatai.