Ukuta Wako Si Malipo

Wenye nyumba za Airbnb kule Kilimani na Diani wamepata mbinu ya kupamba kuta bila kutoa hata shilingi. Wanamwita mchoraji, alete picha sita, atundike, wageni waone. Zikinunuliwa, watagawana. Zisiponunuliwa, ati amepata jina.

Jina halilipi kodi. Turubai, rangi na fremu mchoraji alinunua kwa pesa zake. Picha ikikaa miezi minane bila mnunuzi, mwenye nyumba amefaidi kila siku: ndiyo inayong'aa kwenye tangazo lake, ndiyo inayompa sababu ya kupandisha bei ya usiku mmoja. Na hiyo Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayompa mchoraji uamuzi juu ya nakala za kazi yake, nani aliikumbuka tangazo likipigwa picha? Kochi alilinunua. Friji aliinunua. Mbona picha ndiyo iazimwe?

Halafu Diani kuna unyevu na chumvi ya bahari, karatasi huota ukungu. Mgeni akimwagia kazi hiyo divai Jumamosi usiku, nani atalipa? Hapo utasikia kimya.

Sisemi picha zisitundikwe. Mlipe mchoraji kila mwezi kwa kila picha. Andikeni bei na hali ya kila moja, mtie sahihi. Namba ya M-Pesa iwe ya mchoraji mwenyewe, kamisheni yako uidai baada ya mauzo. Nawe mchoraji, ukiambiwa "tutaelewana baadaye," beba picha zako urudi nazo.