Usikimbilie mstari wa mwisho, kosa la kwanza ndilo lenye jibu

Umenunua kipakatalishi kilichotumika, ukaweka Linux, na kila kitu kinaenda fiti isipokuwa Wi-Fi. Unaambiwa draiva yake lazima uikompaili mwenyewe. Unaandika make, skrini inajaa maandishi, kisha mwishoni unaona "Error 2". Unafanya nini?

Wengi wetu tunanakili mstari huo wa mwisho, tunausaka mtandaoni na kubandika amri yoyote tunayokutana nayo, tena kwa sudo. Hapo ndipo tunapokosea, jamani.

"Error 2" inasema tu kwamba kazi imeshindikana. Ni sawa na kumwambia daktari "naumwa" kisha ukanyamaza. Panda juu utafute kosa la kwanza. Yaliyo chini yake mara nyingi yamezaliwa nalo.

Ukiambiwa kwamba folda ya build iliyo ndani ya /lib/modules haipo, usiilaumu draiva. Umekosa faili za heda za kerneli. Andika uname -r ujue toleo unalotumia, kisha uweke heda za toleo hilo hilo, si la jirani yake. Na kama umesasisha mfumo juzi bila kuzima mashine, bado unatumia kerneli ya zamani. Izime, uiwashe, ndipo ujaribu tena.

Ukiona "implicit declaration of function", hiyo ni hadithi nyingine. Wanaounda kerneli ya Linux hawaahidi kwamba sehemu zake za ndani zitabaki zilivyo. Kwa mfano, setup_timer iliondolewa katika toleo la 4.15, lililotoka 2018, na sasa hutumika timer_setup. Draiva ya kale inayoitegemea itagoma hata ukiweka heda mara kumi. Tafuta draiva mpya au urekebishe mistari hiyo.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nataka Wi-Fi tu, sitaki uinjinia." Sawa, lakini sudo inakukabidhi funguo za nyumba nzima. Amri usiyoielewa inaweza kukuachia mashine isiyowaka, na kazi yako ya chuo imo humo ndani. Isitoshe, kerneli ikisasishwa, draiva inaweza kugoma upya. Aliyebandika tu ataanza sufuri. Aliyesoma kosa atajua pa kushika.

Ndiyo maana nasema kusoma kosa ni ujuzi kamili, na mwajiri atauhitaji kuliko orodha ya amri ulizokariri.

Ukikwama, uliza, kwani kuuliza si ujinga. Ila usiende mikono mitupu. Beba toleo la kerneli yako, jina la kifaa na kosa la kwanza lilivyoandikwa, neno kwa neno. Huenda hata kabla hujamaliza kuyapanga hayo, utakuwa umeshaliona jibu.