Shoti Mbili kwa Jina Moja

Msimu wa harusi uwadiapo Likoni, Kisauni na Changamwe, turubai hutandwa uani na hata barabarani. Umeme wa vipaza sauti na taa za rangi huvutwa kwa ekstensheni kutoka dirisha la jirani, ikapitishwa juu ya mchanga uliomwagiwa maji ya masufuria. Usiku mmoja huko Likoni nilimwona kijana akirushwa na nguzo ya turubai. Waya uliochubuka ulikuwa umeigusa. Alisalimika. Fundi alipoulizwa alijibu kwa utulivu: "Plagi ina fyuzi. Shoti ikitokea itakata."

Hapo ndipo nasi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Neno 'shoti' tumelikopa na kulibebesha maana mbili: nyaya kugusana, jambo liletalo moto, na mtu kupigwa na umeme. Fyuzi huwekewa lile la kwanza. Fyuzi kubwa ya plagi zetu ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000, ilhali miliampea 30 hivi zikipita kifuani kwa muda zaweza kuuvuruga moyo. Mtu hufa, fyuzi ikabaki nzima.

Kimfaacho mtu ni swichi ya namna nyingine, ambayo hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya mmoja na unaorudi kwa mwingine. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata kabla ya thuluthi ya sekunde kwisha. (Haimwokoi aliyeshika nyaya zote mbili, wala haitegemewi kwenye jenereta ambayo waya wake wa kurudi haukuunganishwa na ardhi.) Swichi hii mafundi wetu huitaja kwa herufi tatu za Kiingereza, wale waijuao.

Nitaambiwa istilahi haziokoi maisha. Sikubali. Fundi hununua anachoweza kukitaja dukani, na mwenye harusi hudai anachoweza kukiuliza. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini Sheria ya Nishati ya 2019, inayotaka kazi ya nyaya ifanywe na mwenye leseni, iliandikwa kwa Kiingereza.

Napendekeza 'shoti' ibakie ya nyaya, mwili upate 'pigo la umeme', na swichi ile iitwe 'kikatamvujo'. Mwenye jina bora alilete. Lakini tusilijadili ukumbini peke yetu. Tuwaalike mafundi wa Mtongwe na Magongo, maana wao ndio watakaolitumia au kulitupa.